Matundu Mawili

Mita ilisoma nne nukta saba moja, na Limi akaondoa kidole kwenye kitufe cha kompyuta kabla hajakibonyeza.

Alikuwa amejiwekea mpaka. Umeme unaoingia kwenye chipu ukishuka chini ya volti nne na nusu wakati inaandikwa, chipu huandika nusu na kusahau nusu, na hakuna fundi chini ya jua anayeweza kuiuliza tena ilichokuwa ikikijua. Nne nukta saba ilikuwa juu ya mpaka, lakini haikutulia. Ilishuka taratibu mbele ya macho yake. Nne nukta sita tisa. Nne nukta sita sita. Akachomoa waya wa betri, namba zikafutika kwenye kioo cha mita.

"Limekataa?" Serafina aliuliza.

"Halijakataa. Bado sijaliuliza."

Serafina alikuwa amekaa juu ya kreti la soda karibu na mlango, na mapajani alikuwa na kanga iliyobaki na mikunjo ya fundo. Katika kanga hiyo alilifunga boksi tangu Segese. Alipanda basi la alfajiri, akalipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa, na aliposhuka Shinyanga akawa anauliza kila mtu alipo yule mama fundi wa maboksi ya feni, mpaka akafikishwa Kambarage, kwenye baraza la duka la pampu la Mama Jinal. Alikuwa bado hajanywa hata chai. Mama Jinal, ambaye jina lake hasa ni Taramati na ambaye duka lile alilirithi kwa mumewe, alimpelekea kikombe, na kikombe kikawa kinapoa sakafuni.

Siku kumi na moja kabla, feni ya duara la Eustace ilisimama. Duara hilo, yaani shimo la dhahabu lililoshuka mita arobaini na kitu chini ya ardhi, lilikuwa na watu wawili ndani asubuhi hiyo: Jilala, kijana wa Samuye, na Mwita aliyetoka Tarime. Usiku wake walikuwa wamelipua baruti. Moshi wa baruti hautoki wenyewe. Unasukumwa na hewa ya feni inayoshuka kwa bomba la turubai, na feni ikisimama moshi unarudi kuwatafuta watu. Walipotolewa kwa winchi walikuwa wamelala mmoja juu ya mwingine chini ya bomba, kama watu waliokuwa wakigombea mdomo wake.

Mlinzi wa feni alikuwa Donatus, mume wa Serafina. Eustace aliwaambia polisi kwamba Donatus aliizima ili mota ya karasha ya jirani ipate nguvu ya kusaga mawe. Donatus alisema hakuizima. Alisema alikwenda karasha kusaidia kurudisha mkanda uliochomoka, na aliporudi akakuta feni imekaa kimya, akaiwasha. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema, na alipoulizwa nani basi aliizima, alinyamaza, na kunyamaza kwake kukaandikwa, akawekwa rumande. Polisi walichukua swichi kubwa na nyaya zake. Boksi la kijivu lililokuwa pembeni walilidhani la fyuzi, wakaliacha ukutani.

Serafina ndiye aliyelikumbuka. Siku Limi alipokwenda kulifunga, alimtania Donatus kwamba boksi hili linakumbuka kuliko mke wake: likiwashwa linaandika, likizimwa linaandika, na sababu linaandika. Donatus alirudi nyumbani akausimulia utani ule wakati wa chakula. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, hakucheka, lakini maneno yalimkaa.

Limi, ambaye wengi walimwita Mama Aneth kwa jina la binti yake, alikuwa na miaka arobaini na sita. Chuo cha ufundi alisoma mwaka mmoja tu, akaacha baba yake alipougua. Kazi alijifunzia kwenye meza ya Fahim, fundi redio wa zamani aliyemfundisha mambo mawili kabla ya yote: mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo unapogusa kitu kilicho hai, na usiamini waya kwa rangi yake. Baada ya Fahim kufariki alinunua kompyuta iliyokwishatumika, akajifundisha kuandika programu za chipu, pole pole, kwa kukosea. Watu wa machimbo walimheshimu. Mota zao zilikuwa zikiungua kila umeme uliposhuka, na maboksi yake yalikomesha hilo. Kila boksi lilikuwa na rezista mbili zilizoukata umeme wa ukutani na kuionjesha chipu tone lake tu, ili ijue ni volti ngapi zinaingia bila kuungua yenyewe. Umeme ukishuka mno, boksi linazima feni kabla mota haijaungua.

Tatizo la asubuhi hii alijitengenezea mwenyewe. Kwa kuogopa mafundi wa Kahama wasimwibie programu, chipu zake zote alizifunga. Kumbukumbu za ndani hazikuweza kusomwa moja kwa moja. Ukilazimisha, zinafutika. Alijiachia upenyo mmoja: angeweza kuandika ndani programu nyingine ndogo, ambayo kazi yake ni kutamka kumbukumbu zile mstari kwa mstari. Lakini kuandika ni kuandika. Umeme ukiyumba katika zile sekunde chache, ndiyo basi.

Kuchomeka boksi ukutani hakukuwezekana. Halikuwa na transfoma, na upande wake wa hasi uliungwa moja kwa moja na laini ya umeme. Anayeliunganisha na kompyuta likiwa ukutani anauleta umeme wa barabarani kwenye kompyuta, na kutoka kompyuta kwenye viganja vyake. Limi alikuwa na kovu la kumkumbusha. Kwa hiyo alilisha bodi kwa betri ya pikipiki, akaupitisha umeme kwenye kipunguzi kidogo cha volti tano, akabana ncha za mita kwa vibanio ili mikono yake iwe huru na macho yake yasibanduke kwenye namba.

Na sasa namba zilikuwa zikishuka.

Aligusa kipunguzi, kikamchoma kidole. Kitu fulani kwenye bodi kilikuwa kinakunywa umeme kuliko kawaida. Aligeuza bodi juani. Maji yaliingia ndani siku ile, labda watu walipokimbia na ndoo za maji kuwazindua waliotolewa, yakaacha ukungu wa kijani kando ya rilei, ile swichi ndogo inayowasha na kuzima feni. Rilei ilikuwa imevutwa na haikuachia. Ilikuwa inashikilia feni isiyokuwepo. Limi akapasha chuma cha kuyeyushia risasi, ile ya kuungia nyaya, akaitoa rilei mguu baada ya mguu, akasugua ukungu kwa mswaki na spiriti, akapuliza. Nusu saa ilipita. Mama Jinal alimhudumia mteja wa bomba, akarudi akasimama nyuma ya Limi na mikono yake kifuani.

Akarudisha waya wa betri. Nne nukta tisa nane. Akahesabu mpaka sitini. Nne nukta tisa nane. Akabonyeza.

Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo cha kompyuta. Limi hakuutazama, aliitazama mita, na midomo yake ilikuwa ikizitamka namba bila sauti. Tisa nane. Tisa saba. Tisa saba. Tisa nane. Halafu kompyuta ikasema imemaliza, na chini yake, kwa Kiswahili alichokiandika mwenyewe miezi mitano nyuma, boksi likaanza kusema.

Mistari mingi ilikuwa ya kawaida, imewashwa, imezimwa. Alishuka mpaka mwisho, kwenye asubuhi ile, ambako dakika zilihesabiwa tangu feni iwashwe.

*Dakika 212. Volti 187. Feni imezimwa. Sababu: volti ndogo.*

Limi alihema. "Donatus hakuizima," alisema. "Umeme ulishuka, boksi likaizima lenyewe."

Serafina alisimama. Akaziba uso kwa kanga, akalia. Halafu akatoka nje na simu yake, wakamsikia barabarani akimwita kaka yake Geita kwa sauti ya juu, akirudia sentensi ileile moja, hakuizima, hakuizima yeye, mashine imesema.

Mama Jinal hakuwa amehama nyuma ya kiti. Aliinama, akaweka miwani.

"Na hii inayofuata, Mama Aneth?"

Limi alikuwa ameshaiona.

*Dakika 212. King'ora kimewashwa.*

*Dakika 214. Volti 221. Nasubiri mtu abonyeze.*

*Dakika 253. Feni imewashwa kwa mkono. King'ora kimezimwa.*

Umeme ulirudi baada ya dakika mbili. Boksi likasubiri mtu, kwa sababu Limi aliliamuru lisiwashe feni lenyewe, isije ikamkata vidole anayeitengeneza. Liliwasha king'ora na kuita dakika arobaini na moja.

Tatizo ni kwamba king'ora hakikuwepo.

Aligeuza bodi tena, ingawa alijua. Pembeni, chini ya maandishi meupe ya herufi K, kulikuwa na matundu mawili madogo yanayong'aa, safi, ambayo hayajawahi kuguswa na risasi. Wiki ile ya Pasaka alipolifunga boksi, mzigo wa ving'ora wa Mama Jinal ulikwama njiani kutoka Dar. Limi alimwomba Eustace asubiri. Eustace akasema watu wako shimoni hawana feni, na hapo juu anakaa mtu mzima mwenye masikio mawili, king'ora cha nini. Limi akaona ni kweli. Alisema angerudi kukiweka. Mzigo ulifika mwezi wa tano, na ving'ora vikawa kwenye droo ya meza hii hii, katika mfuko wa plastiki ambao haujafunguliwa. Kulikuwa na maboksi mengine ya kutengeneza, na Segese ni mbali, na Eustace hakulalamika.

Chipu haikujua hayo. Chipu ilipeleka umeme kwenye matundu yale na kuandika kwamba imeita.

"Kwa hiyo mtu akisoma hapa," Mama Jinal alisema taratibu, "atasema king'ora kililia dakika arobaini, na mume wa huyu mama alikisikia akakaa."

"Ndivyo atakavyosema."

"Mpaka umwambie."

Mama Jinal akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akarudi dukani.

Eustace alifika saa saba mchana. Mtu wa stendi ya Segese alikuwa amempigia kumweleza Serafina amepanda basi na mzigo gani. Aliegesha gari upande wa pili wa barabara, akaingia akimsalimia Mama Jinal kwa adabu, akauliza hali ya Jinal kule anakosoma, kisha akavuta kiti karibu na meza ya Limi. Alikuwa mtu mpole wa sauti. Siku kumi na moja zilikuwa zimemkausha, kola ilimkaa shingoni kwa mbali.

"Fundi, pole na kazi."

"Asante, bosi. Pole na msiba."

Aliomba kusoma. Limi akamgeuzia kompyuta, maana hakuona sababu ya kuficha. Eustace alisoma mara mbili, kidole chake kikifuata mistari.

"King'ora kimewashwa," alisema. "Si ndiyo hii? Kifaa kilifanya kazi yake. Wewe ulifanya kazi yako. Mimi nilifanya yangu. Mtu wa kukaa pale hakukaa."

"Bosi, king'ora hatukukiweka. Unakumbuka."

"Nakumbuka maneno mengi. Hapa kuna maandishi." Alitazama droo kana kwamba alikuwa akiona ndani yake. "Kuweka kifaa kile kunachukua muda gani?"

"Dakika tano."

"Basi ni dakika tano." Aliegemea mbele, na Limi akaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu, na kwamba hakuwa akimtisha. Alikuwa akimwomba. "Sisemi udanganye. Sikuombi useme neno lolote. Nina wake wawili na duara limefungwa. Wewe una binti chuoni. Donatus ameshaingia ndani tayari, fundi. Huyo hatumwingizi sisi."

Aliondoka bila kusubiri jibu. Gari likawaka, likakaa muda likinguruma pale pale, kisha likaenda.

Limi alivuta droo. Mfuko ulikuwa pale, ving'ora kumi, vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kifuniko cha chupa, na miguu miwili inayolingana sawasawa na matundu mawili. Chuma cha risasi kilikuwa bado cha moto. Alitoa kimoja, akakishika. Alifikiri jinsi ambavyo angeweza kupaka vumbi na ukungu kidogo juu yake, na hakuna ambaye angejua, na alishangaa jinsi mawazo hayo yalivyomjia kwa mpangilio, kama kazi nyingine yoyote ya mezani. Alimfikiria Aneth. Alimfikiria Mwita, ambaye hakuwahi kumwona. Jilala alimwona mara moja. Siku ya kufunga boksi yeye ndiye aliyemshikia ngazi, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, na alimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

Kivuli kikaanguka juu ya meza. Serafina alikuwa amerudi, uso umevimba kwa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa na kitu kama tabasamu.

"Mama Aneth, kaka anauliza utatuandikia karatasi?"

Limi aliweka king'ora mezani kati yao.

"Kaa kwanza, mdogo wangu," alisema.

Akamweleza. Hakukimbilia mwisho na hakupamba. Alimwonyesha mstari unaosema hivi na matundu yanayosema vile, akamweleza kuhusu Pasaka, na mzigo uliochelewa, na droo. Alimwambia kwamba hata kuzima feni kwenye volti mia na tisini alikuweka yeye, kwa sababu Eustace alichoka kuunguza mota, na kwamba kama angeacha mia na sabini ya zamani labda feni ingevumilia zile dakika mbili. Alisema yote haya ataandika.

Serafina alisikiliza huku akitazama kile kidude cheusi mezani. Alipomaliza kusikiliza alinyoosha mkono, akakigusa kwa kidole kimoja, akakisukuma mbali kidogo.

"Hiki ndicho tu?"

"Hicho tu."

Aliikunja kanga yake mara nne, mara nane, mpaka ikawa ndogo kama kitabu. Hakumtukana. Alisema basi la Segese linaondoka saa tisa.

Kesho yake Limi alipeleka boksi kituo cha polisi, pamoja na karatasi nne alizoandika kwa mkono usiku mzima na kuzisaini kila ukurasa. Mpelelezi alikuwa kijana mstaarabu, alimpa kiti. Alisoma zote. Aliomba cheti chake cha ufundi. Limi akasema hana. Akauliza kama ana leseni ya kufunga vifaa vya umeme migodini. Limi akasema hana.

"Kwa hiyo, mama," kijana alisema, akizipanga karatasi zilingane, "kifaa umekitengeneza wewe, umekifunga wewe, umekifungua wewe bila ruhusa kabla hakijafika kwetu, ndani yake umeandika programu nyingine, na sasa wewe ndiye shahidi wa kilichokuwa ndani."

"Ndiyo, afande."

"Na maandishi yake yanasema king'ora kililia."

"Maandishi hayajui. Tazama matundu."

Alitazama. Akasema matundu yanaweza kutobolewa na yanaweza kusafishwa, yeye si mtaalamu. Boksi likafungwa kwenye mfuko, likapewa namba, likawekwa kwenye rafu kati ya panga na redio ya gari. Atatafutwa mtaalamu, lini hakusema. Limi akaambiwa awe anaripoti kila Jumatatu na asitoke nje ya mkoa bila kuaga.

Wiki ya tatu Eustace alitoa maelezo mapya. King'ora kilikuwepo, alisema, yeye mwenyewe aliwahi kukisikia, na bila shaka kiling'olewa katika vurugu zile au na huyo fundi anayemtetea Donatus. Mstari wa boksi ulinukuliwa katika maelezo hayo neno kwa neno. Dhamana ya Donatus, ambayo kaka wa Serafina alikuwa amekaribia kuipata, ikazuiwa. Serafina alipiga simu mara moja tu, mchana, kukiwa na kelele za soko nyuma yake.

"Kabla yako walikuwa na neno la Eustace tu," alisema. "Sasa wana neno la mashine. Bora ungeliacha limefungwa."

Limi alitaka kusema ni yeye Serafina aliyelileta, akaona aibu ya kulifikiria tu. Simu ilikuwa imeshakatika.

Kulikuwa na maboksi mengine manane huko machimboni, nayo hayakuwa na ving'ora. Siku alizokuwa haripoti aliyaendea moja moja, akiwa na betri yake, na mita, na ule mfuko wa plastiki, akiomba aruhusiwe kuweka ving'ora na kurudisha kipimo cha zamani. Watatu walimruhusu. Mmoja hakumkuta. Wanne walikataa. Mmoja wao, mtu mzima mwenye heshima zake, alimwambia kwamba boksi lake linafanya kazi vizuri, mota haijaungua tangu lifungwe, na kwamba hataki liguswe na mtu ambaye kila alipofungua kitu pakatokea kesi. Limi alisimama kwenye kifusi cha mawe, akasikiliza feni ya mtu huyo ikivuma, na hakuwa na la kumlazimishia.

Mama Jinal hakumfukuza barazani. Lakini wateja walianza kupita moja kwa moja mpaka ndani.

Mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimechelewa, alipanda pikipiki kwenda Samuye. Hakuna aliyemtuma. Nyumba ya baba yake Jilala ilikuwa mwisho wa mashamba ya pamba yaliyokwisha kuchumwa, na mzee huyo, aliyeitwa Ngusa, alikuwa zizini peke yake akiziba pengo la ua kwa matawi ya miiba.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Salamu zilipokwisha, mzee alimletea kigoda, yeye akabaki amesimama. Limi alisema yeye ni nani. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, akajaribu kuyasema kwa Kisukuma, lakini Kisukuma cha nyumbani kwao hakikuwa na maneno ya volti na chipu, akarudi kwenye Kiswahili, na kwa Kiswahili pia hayakukaa sawa. Mwishowe alisema tu kwamba kulikuwa na kitu kidogo ambacho kingepiga kelele mwanawe aokolewe, na kitu hicho kilikuwa kwenye droo yake, na hakukipeleka.

Mzee aliendelea kukandamiza miiba kwa gongo.

"Ilichukua muda gani?" aliuliza.

Limi alijua. Kati ya watu wote waliokuwa wamezungumzia jambo hili, yeye peke yake ndiye aliyejua kwa dakika.

"Dakika arobaini na moja, baba."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa alichoomba. Aliweka gongo chini.

"Polisi walikuja wakasema ni Donatus," alisema. "Eustace alikuja na mchele akasema ni Mungu. Wewe umekuja unasema ni wewe. Kila mtu anakuja na lake, anakaa kwenye kigoda hicho, analiacha hapa, anaondoka."

Limi alishuka kwenye kigoda, akakaa ardhini. Hakujua kwa nini alifanya hivyo.

Ng'ombe walianza kurudi, wanne tu, wakijileta wenyewe kwa njia wanayoijua, na nyuma yao vumbi jekundu lililokuwa halitui. Ndama mmoja aliyefungiwa ndani akaanza kulia. Mzee Ngusa akachukua kibuyu ukutani, akaingia zizini, akamtoa ndama kwa kamba mpaka kwa mama yake, akamwacha anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akamvuta nyuma. Ndama hakutaka. Alirusha kichwa, akajikaza, na mzee, mwenye kibuyu mkono mmoja na kamba mkono mwingine, akayumba.

Alitazama upande wa Limi. Hakusema njoo wala ondoka. Alinyoosha tu mkono wenye kamba.

Limi alinyanyuka, akaingia zizini, akaipokea. Ndama alikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Akaizungusha kamba kwenye kiganja mara mbili, akachimbia visigino kwenye samadi kavu. Mzee alichuchumaa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na maziwa ya kwanza yakagonga chini ya kibuyu kikavu. Ndama alivuta tena, macho yake yakiwa kwa mama yake, na Limi akaendelea kushikilia, jua likishuka, bila kujua ashikilie mpaka lini.